Kusoma Chapa za Nibu za Kalamu Kuukuu

Katika kalamu ya wino ya zamani, sehemu inayostahili kuchunguzwa kabla ya nyingine zote ni nibu, yaani kile kibati chembamba chenye mpasuo katikati unaoteremsha wino hadi kwenye karatasi, kwa kuwa hapo ndipo watengenezaji wengi waliligonga jina lao, aina ya madini na pengine namba. Nyeri, nchini Kenya, ina sababu ya kuujali uchunguzi huo, maana misheni ya Wakonsolata kule Mathari na ile ya Waskoti kule Tumutumu zilieneza uandishi wa mkono tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na eneo hilohilo ndilo lililomlea Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, ambaye shajara yake ya kizuizini ilimpatia Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika mwaka 1984. Kalamu iliyorithiwa kutoka kwa mwalimu au karani wa enzi hizo ni sehemu ya historia hiyo.

Chapa ya kusomwa kwanza ni ya madini. Dhahabu safi huhesabiwa kuwa karati 24, kwa hiyo nibu iliyoandikwa 14K au 14ct ina sehemu 14 za dhahabu kati ya 24, na namba 585 hueleza karibu kiwango hichohicho kwa sehemu katika elfu, ilhali 18K huenda pamoja na 750. Dhahabu ilipendelewa kwa sababu wino wenye asidi hukila chuma. Lakini kwa kuwa dhahabu ni laini, nchani paliunganishwa punje ya madini magumu ya jamii ya iridiamu. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoka, kwani maneno “Iridium Point” huihusu punje hiyo tu, wala neno “Germany” linaloyafuata si jina la kiwanda wala ushahidi kwamba kalamu nzima ilitoka Ujerumani. Nibu ya chuma iliyopakwa dhahabu hujifichua penye mchubuko, ambapo rangi ya fedha au kutu huchungulia.

Namba nyingine zinadai uangalifu zaidi, kwa sababu ni rahisi kuzidhania kuwa mwaka. Namba 2 kwenye nibu ya Waterman ni kipimo cha ukubwa. 2668 kwenye nibu ya Esterbrook hutaja aina ya mwandiko, nayo ni ya wastani kwa kazi za kawaida. Na 4810 ya Montblanc ni urefu kwa mita wa mlima ulioipa kampuni hiyo jina, jambo ambalo wakazi wa chini ya Mlima Kenya, wenye mita 5,199, watalikumbuka bila taabu. Sheaffer nayo iligonga namba za mfululizo kwenye baadhi ya nibu zake zenye neno “Lifetime”.

Neno “Warranted” peke yake halimtaji mtengenezaji yeyote, kwani lilitumika kwenye nibu zilizouzwa kwa viwanda na mafundi mbalimbali. Kwa Parker 51, iliyoingia sokoni mwaka 1941, nibu imefunikwa karibu yote, hivyo jina hutafutwa kwenye kifuniko na kwenye mwili wa kalamu. Kulinganisha nibu na maandishi ya kifuniko na ya mwili kunafaa kwa kalamu zote, kwa sababu nibu iliyopinda ilibadilishwa na fundi kwa yoyote iliyoingia, na chapa yake basi huthibitisha asili ya nibu tu, si ya kalamu.

Aliye na kalamu ya namna hiyo aifute nibu kwa kitambaa chenye maji, aitazame kwa kioo cha kukuzia huku mwanga ukitoka ubavuni, na anakili kila herufi kama ilivyo, bila kuisugua kwa dawa ya kung’arishia wala kuing’oa kwa koleo. Na ayafanye hayo kabla ya kuipeleka kwa sonara, kwa kuwa dhahabu ya nibu ni kidogo mno, na ikishayeyushwa, jina lililokuwa juu yake halipatikani tena.