Injini moja au mbili? Helikopta ya polisi juu ya paa lako

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Kila mama aliyepikia kuni anaujua ukweli wa msemo huo, na mwanawe hujifunza mapema kwamba hata mafiga mawili hayatoshi. Chungu hutulia juu ya matatu. Tunauweka msemo huu mwanzoni kwa sababu utatusaidia kulifahamu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wataalamu peke yao: je, helikopta ya polisi, au ile ichukuayo wagonjwa, iwe na injini moja au mbili?

Huenda ukasema, ndugu msomaji, kwamba shauri hilo halikuhusu. La, linakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, helikopta ya namna hiyo hununuliwa kwa fedha za umma. Pili, hairuki juu ya mawingu kama ndege za abiria. Kazi yake ni kuzunguka chini chini juu ya mitaa, usiku na mchana, ikimtafuta mhalifu aliyekimbia au mtoto aliyepotea. Ikianguka, huliangukia paa la mtu.

YALIYOTOKEA GLASGOW

Usiku wa Ijumaa, tarehe 29 Novemba, 2013, watu walikuwa wamejaa katika baa ya Clutha, karibu na mto Clyde mjini Glasgow, Uskoti, wakisikiliza muziki. Ilipopata saa nne na dakika ishirini na kitu, helikopta ya polisi ililiangukia paa la baa hiyo. Rubani na askari wawili waliokuwa ndani yake walikufa. Miongoni mwa watu waliokuwa katika baa walikufa saba, mmoja wao akiwa hospitalini baada ya siku kadhaa.

Helikopta hiyo, ya aina ya EC135, ilikuwa na injini mbili. Taarifa ya wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza, iliyotolewa Oktoba 2015, haikuonyesha ubovu wowote mkubwa uliokuwapo kabla ya kuanguka. Basi ni nini kilichozizima injini mbili zilizokuwa nzima?

Jibu lilikuwa katika mafuta. Helikopta ya aina hiyo ina tangi moja kubwa na matangi mawili madogo, kila dogo likilisha injini yake. Pampu mbili huyavuta mafuta kutoka tangi kubwa na kuyajaza yale madogo. Watengenezaji walilifanya tangi dogo moja liwe kubwa kidogo kuliko mwenzake, ili mafuta yakipungua injini zote mbili zisizimike kwa pamoja. Ilikuwa tahadhari nzuri. Lakini usiku ule swichi za pampu zile mbili zilikutwa zimezimwa. Matangi madogo yakaendelea kupungua pasipo kujazwa.

Chombo hakikunyamaza. Onyo la upungufu wa mafuta lilitolewa mara kwa mara, na rubani aliitikia maonyo matano kwa kubonyeza kitufe. Kanuni ilimtaka atue ndani ya dakika 10. Hakutua, bali aliendelea na kazi. Injini ya kulia ikazimika, na baada ya sekunde 32 ikafuata ya kushoto. Katika tangi kubwa zilikutwa zaidi ya kilo 70 za mafuta ambazo hazikuweza kuzifikia injini. Uchunguzi wa mahakama uliotoa uamuzi wake mwaka 2019 ulieleza kwamba ajali ingeepukika kama kanuni ile ingefuatwa.

Hatuyasemi haya ili kumlaumu marehemu, aliyekuwa rubani mwenye uzoefu mkubwa. Twayasema kwa sababu yanatufundisha jambo ambalo wauzaji wa vyombo hawalitangazi: injini ya pili ni kinga dhidi ya ubovu wa injini ya kwanza, wala si kinga dhidi ya kila balaa. Taa mbili zikitegemea mtu mmoja kuzijaza mafuta, naye asizijaze, giza litaingia vile vile.

INJINI YA PILI INA KAZI YAKE

Hata hivyo, tusije tukaidharau. Helikopta ya injini moja ikizimikiwa angani haianguki papo hapo kama jiwe. Rubani huiteremsha haraka, na upepo unaopanda kutoka chini huyazungusha mapanga yake. Akikaribia ardhi huitumia nguvu ya mzunguko huo kutua polepole. Lakini ufundi huo wahitaji mambo matatu: kimo au mwendo wa kutosha, wepesi wa mkono, na mahali peupe pa kutulia. Helikopta iliyosimama hewani chini chini, usiku, juu ya nyumba zilizobanana, huenda ikayakosa yote matatu. Hapo injini ya pili ndiyo inayompa rubani nafasi ya kuondoka na kutafuta uwanja. Ndiyo maana helikopta zinazotumiwa na shirika la urukaji la polisi wa Uingereza na Wales, lililoanzishwa mwaka 2012, ni za injini mbili.

Lakini polisi wa Los Angeles, Marekani, kwa miaka mingi wamezunguka juu ya mji wao mkubwa kwa helikopta za injini moja, za aina ya Bell 206 na AS350. Wanaoutetea uchaguzi wa namna hiyo husema kwamba injini ya kisasa iliyotunzwa vema huzimika kwa nadra sana. Injini mbili hunywa mafuta zaidi na kuhitaji vipuri na mafundi zaidi, na fedha hizo zingeweza kununua saa nyingi za mazoezi ya marubani.

Aidha, hata chombo cha injini mbili kina mambo ambayo hayana mwenzake: giaboksi moja inayozungusha mapanga makubwa, panga moja la mkiani, na mara nyingi rubani mmoja. Tena injini inayobaki hapana budi iwe na nguvu ya kukishikilia chombo. Kikiwa kimepakiwa mno, siku ya joto kali, mahali pa mwinuko, injini hiyo huenda ikashindwa kukiweka hewani pale kilipo.

TUCHAGUE IPI?

Kwa kazi za usiku juu ya miji, au juu ya bahari, chagua injini mbili, na uzito upunguzwe ili moja iweze kubeba mzigo ikibaki peke yake. Kwa kazi za mchana juu ya mbuga na mashamba, injini moja yatosha. Helikopta ya injini moja iliyotunzwa, yenye rubani anayefanya mazoezi ya kutua bila injini, ni bora kuliko ya injini mbili iliyolala bandani kwa kukosa vipuri.

Lakini swali la idadi lisiwe la mwisho. Ni nani anayepima mafuta? Taa ya onyo ikiwaka, je, askari aliye nyuma anaruhusiwa kumwambia rubani, “Turudi”? Je, kuna chombo cha kunasa habari za safari, ili ajali ikitokea tujifunze? Helikopta ya Glasgow haikuwa nacho, wala sheria haikuilazimisha kuwa nacho. Wachunguzi walipendekeza helikopta za polisi na za wagonjwa ziwe navyo.

Sasa turudi jikoni, ndugu msomaji. Figa la kwanza ni injini, la pili ni mafuta, na la tatu ni binadamu anayetii onyo. Ukiambiwa kwamba helikopta mpya ni salama kwa kuwa ina injini mbili, furahi, kisha uliza habari za mafiga mawili yaliyobaki. Watu kumi walikufa Glasgow chini ya injini mbili zisizo na ubovu.