Spea Haijafika, Mapenzi Yasikwame

Kwa sisi tunaokula kwa jasho la pikapu ya dizeli, hakuna neno linalochosha kama "spea iko njiani". Gari likilala gereji hapa Mbinga, kahawa inabaki ghalani, dagaa wa Mbamba Bay, kilomita 66 kushuka Ziwa Nyasa, wanapata mnunuzi mwingine, na nyumbani kila swali linageuka ugomvi.

Yalitupata mimi na mume wangu. Gasketi ya silinda hedi iliungua katikati ya msimu wa kahawa. Songea haikupatikana, tukaagiza Dar es Salaam. Siku ya tisa basi likaleta gasketi ya injini ya 3L, wakati Hilux yetu ni 5L. Kwa macho zinafanana, lakini kipenyo cha silinda ya 3L ni milimita 96, cha 5L ni 99.5. Tukaanza kusubiri upya. Mwenzangu akanuna, mimi nikahesabu ada ya watoto kwa sauti.

Mambo matatu yalituokoa. Kwanza, tulimtumia muuzaji namba ya injini, ya chesisi na picha ya gasketi ya zamani. Pili, tuligawana kazi: mmoja apige simu, mwingine atafute gari la kukodi. Tatu, tulikubaliana fedha ya ada haiguswi.

Msomaji wangu, mwenzi wako hakuichelewesha hiyo spea. Badala ya "Si ulisema inafika leo?", muulize, "Leo tunafanyaje?"