Je, Wajua? Filta ya Hewa Inayooshwa

Je, wajua kwamba injini hunywa hewa nyingi kuliko mafuta? Kila kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Piga hesabu: lita moja ya petroli inataka karibu lita 9,000 za hewa, yaani mapipa 45 yale ya lita 200. Hiyo ni hewa ya Mombasa au Dar es Salaam. Nairobi, kwenye mwinuko, hewa ni nyepesi na mapipa huongezeka. Yote hupita kwenye filta moja.

Je, wajua vumbi likipenya hufanya nini? Limejaa chembe za silika, ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikichanganyika na oili huwa msasa kati ya ringi na ukuta wa silinda. Baada ya muda gari linakula oili na kutoa moshi wa bluu, na hapo fundi anaanza kuzungumzia kufungua injini.

Je, wajua kwamba filta ya karatasi hunasa vumbi vizuri zaidi ikishatumika kidogo kuliko ikiwa mpya kabisa? Vumbi lililotangulia husaidia kuzuia linalofuata. Kwa hiyo kuifungua kila wiki na kuipiga upepo wa kompresa ni hasara: karatasi hutoboka matundu usiyoyaona. Ya karatasi ikichoka, nunua nyingine.

Filta inayooshwa ni jambo tofauti. K&N, kampuni iliyoanza Riverside, California, mwaka 1969, ndiyo iliyoipa umaarufu mkubwa. Ndani yake kuna matabaka ya kitambaa cha pamba kilichobanwa katikati ya wavu wa waya na kulowekwa oili maalumu. Oili hiyo inanata, na ndiyo inayokamata vumbi. Pamba ikikauka, kazi hiyo haifanyiki ipasavyo.

Je, wajua kwa nini oili yake ni nyekundu? Imetiwa rangi ili uone ilipofika na isipofika. Oili ya injini haiwezi kushika nafasi yake. Haikutengenezwa kukaa kwenye pamba, na hewa huivuta.

Je, wajua inaoshwa vipi? Ikung'ute taratibu. Pulizia sabuni yake maalumu pande zote mbili, subiri dakika kama 10, usiiache ikaukie humo. Kisha suuza kwa maji baridi ya bomba yenye nguvu ndogo, kuanzia upande wa ndani ulio safi kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari ikae mbali, na petroli pia, kwani huharibu mpira wa kingo. Baada ya hapo iache ikauke yenyewe kivulini. Hapa ndipo watu wengi huharibu: wana haraka, wanaleta kompresa au wanaianika karibu na moto. Upepo hupasua pamba. Joto huikausha hadi inasinyaa. Ioshe jioni, uifunge kesho yake. Siku hiyo pumzisha gari.

Ikikauka, pitisha oili mstari mmoja mwembamba juu ya kila kunjo. Subiri dakika 20 isambae, kisha tafuta madoa meupe na uyaguse tena. Inatosha.

Je, wajua kwamba oili ikizidi inaweza kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi? Magari mengi ya kisasa yana sensa ya kupima hewa, yenye waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa inaupoza, na kompyuta inasoma upoaji huo ili kukadiria mafuta. Oili ikiufunika waya, kipimo kinakosewa. Injini inatetemeka gari likiwa limesimama, na mwenye gari ananunua plagi mpya bure.

Je, wajua kwamba filta chafu si lazima iongeze ulaji wa mafuta? Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilipima mwaka 2009 magari ya kisasa ya petroli. Filta ilipoziba, ulaji haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuchukua kasi. Magari ya zamani ya kabureta ndiyo huathirika upande wa mafuta.

Na nguvu? Kwenye gari la kawaida lisilofanyiwa mabadiliko mengine, filta inayooshwa huongeza mngurumo zaidi ya nguvu. Thamani yake ni kutumika tena na tena.

Je, wajua iwapo umefika wakati wa kuiosha? Tazama wavu wa waya. Kama bado unaonekana kote, iache. Watengenezaji wametaja hata kilomita 80,000 kwenye lami safi. Kwa barabara za vumbi, usingoje hesabu hiyo. Hata kwenye mashindano ya magari ya Safari Rally pale Naivasha, magari yamewahi kufungwa mabomba marefu ya kuvutia hewa juu, mbali na maji na vumbi laini la volkano.

Ukiirudisha, hakikisha mpira umekaa sawa na klipu zote zimefungwa. Baada ya safari chache, pitisha kidole ndani ya bomba la hewa baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, usiende mbali kabla hujajua linapenyea wapi.