Gari Nalo Lina Kadiri Yake

Wako jamaa zetu wa Chwele, Bungoma, wanunuao pikapu iliyotumika, kisha wakaitia vyuma na turubai ili ichukue aila na mazao hadi sokoni. Ni jambo jema, lakini kabla ya kulipa, tazameni kwanza logibuku: humo mmeandikwa uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba.

Tuseme ni kilo 1,000. Vyuma vikiwa kilo 150, na watu watatu kilo 210, zasalia 640. Gunia la mahindi ni kilo 90. Basi magunia saba yatosha. La nane huzidisha, na barabara za kushuka Mlima Elgon zataka breki nzima.

Enyi akina mama, mkiona la nane lapakiwa, semeni. Watoto ni amana.