Nani Aliyepanga Ekari za Mama wa Mofu?

Wajukuu zangu, sogeeni. Tumfikirie mama mmoja wa Mofu, mkulima wa mpunga kwenye mbuga za Kilombero. Mvua za kwanza zimenyesha na anapiga hesabu: alime ekari mbili au tatu? Mnadhani anaamua peke yake. La hasha, kuna watu wa Dodoma na Arusha wamo ndani ya hesabu ile, ingawa hawajapata kukanyaga tope lake.

Chukueni mbolea. Mwaka 2022 mfuko wa urea wa kilo 50 ulikuwa umepanda kupita shilingi 120,000. Agosti mwaka huo serikali ikatangaza ruzuku, na aliyejiandikisha akaupata kwa 70,000. Basi ekari ya tatu ikawezekana. Lakini ruzuku haimlipii bodaboda. Wakala akiwa mbali, nauli inatoka kwenye upindo wa khanga ya mama, na mfuko wa pili unabaki dukani.

Kisha kuna gunia lenyewe. Tangu 2017, anayesafirisha mazao chini ya tani moja kwenda wilaya nyingine hatozwi ushuru wa mazao. Mwenye magunia machache anapita kizuizini na mpunga wake wote. Hilo nalisifu kwa moyo mweupe, maana zamani hata mnyonge alikatwa.

Ila jambo zito zaidi liko bandarini. Mchele wa kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndio hao watu wa Arusha, hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 75, na ukuta huo ndio unaoshikilia bei ya mpunga wetu. Mwaka 2013 serikali iliruhusu mchele uingie bila ushuru, ili wa mjini wapate nafuu. Bei ikaanguka, na maumivu yakafika hadi bonde hili. Wa mjini nao wana watoto wa kulisha, sibishi. Ninachokataa ni kumgeuzia mkulima kibao ilhali mbegu iko ardhini, maana hawezi kuifukua akairudisha ghalani.

Ndiyo maana mama wa Mofu, hata mbolea ikishuka bei, analima ekari mbili na nusu. Nusu inayobaki anaiachia ufuta, na magunia mawili ya mpunga hayauzi mpaka asikie bajeti ya Juni.