Mvua ya Ziwa Victoria na maswali ya darasani

Katika kila ndoo tano za maji yanayoingia Ziwa Victoria, karibu nne hudondoka moja kwa moja kutoka angani. Mto Mara, Kagera na mito mingine yote hugawana ndoo iliyobaki. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi juu kama mvuke. Mto Nile, unaotokea Jinja, huondoa kiasi kidogo tu. Kwa mwanafunzi wa Musoma aliyezoea kuona Mto Mara ukifurika Kirumi, hesabu hiyo haiingii akilini upesi.

Swali linalofuata huwa ni kwa nini Butiama na Tarime hunyeshewa alasiri, ilhali radi za ziwani hupiga usiku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wenye unyevu huingia kutoka ziwani. Ukikutana na upepo wa mashariki, hewa husukumwa juu, hupoa, na mvuke hugeuka matone. Jua likizama, mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi, lakini maji ya ziwa hubaki na nyuzi joto 25 hivi. Pepo kutoka Mara, Kenya, Uganda na Kagera huelekea ziwani, zikagongana huko, na hewa haina pa kwenda ila juu. Mawingu ya radi hujengeka kuelekea alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa bado wako majini na taa zao.

Wapo wanaodai kufunga mvua kwa malipo. Mvua za mwishoni mwa 1961 zilianza kulijaza ziwa hadi kufikia 1964 likawa limepanda zaidi ya mita 2, na hakuna hirizi iliyolizuia.

Mvuke unapopaa huacha vijidudu nyuma. Hapo ndipo huzaliwa uzushi kwamba maji ya mvua ni safi popote yalipo, hata lamboni. Yakishagusa ardhi hubeba kinyesi, na kipindupindu hufuata. Anayemuuzia mgonjwa wa kuhara “maji ya dawa” anamwibia saa za kuokoa maisha yake: apewe maji ya chumvichumvi ya ORS, awahishwe kituo cha afya. Kinga ni choo, sabuni, na kuchemsha maji ya kunywa au kuyatia klorini. Maji ya mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama huvutwa ziwani na kutibiwa kabla ya kufika bombani. Ya ndoo iliyochotwa ufukweni Mugango hayajatibiwa, ingawa ziwa ni lile lile.