ZIARA YA OLORGESAILIE: MAWE YENYE HABARI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mkaa bure si sawa na mtembea bure, kwani mtembea huenda akaokota. Mimi nilitembea, nikaokota, kisha nikaambiwa nirudishe! Tulia, mpenzi msomaji, nikueleze ilivyokuwa. Najua wengi wenu mlibaki siku ile kwa sababu ya pesa za basi, na makala hii nimeiandika hasa kwa ajili yenu.

Tangu Kidato cha Kwanza tumekuwa tukikariri Zama za Mawe katika somo la Historia. Tunakariri, tunafanya mtihani, tunasahau. Mimi mwenyewe nilidhani shoka la mkono ni shoka lenye mpini, kama lile la kupasulia kuni nyumbani. Kumbe wapi! Ni jiwe tupu lililochongwa pande mbili mpaka likawa na umbo la tone la maji, unalishika kwa kiganja. Hilo sikulielewa kitabuni. Nililielewa Olorgesailie.

Mahali penyewe

Olorgesailie iko ndani ya Bonde la Ufa, katika Kaunti ya Kajiado, karibu kilomita 70 kutoka Nairobi kwa barabara iendayo Magadi. Ukishapita Kiserian unafika Kona Baridi, na upepo wa pale unakuonyesha jina lilikotoka. Kutoka hapo barabara inateremka, na kadiri unavyoteremka ndivyo joto linavyopanda. Mbele yako unauona Mlima Olorgesailie, volkano iliyozimika zamani. Chini yake ardhi ni kavu, yenye miiba, na mahali pengine ni nyeupe kama unga.

Weupe huo ndio habari ya kwanza. Ni mabaki ya vimea vidogo sana vya majini viitwavyo diatomu, ambavyo havionekani kwa macho matupu. Vilikufa vikazama, tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka. Kwa hivyo ukisimama pale penye jua kali na kiu, jua kwamba umesimama ndani ya ziwa!

Mwaka 1919, mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, J. W. Gregory, aliona vyombo vya mawe katika eneo hilo. Katika miaka ya 1940 Mary Leakey na mumewe Louis Leakey wakaanza kuchimba. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo walikuwa wafungwa wa vita kutoka Italia. Mary alitaka vishoka vingi viachwe palepale vilipokutwa. Ndiyo maana leo mgeni hupita juu ya daraja jembamba la mbao, akitazama chini mamia kwa mamia ya vishoka, vimelala kama vilivyolala tangu zamani za kale.

Tunajuaje kuwa si mawe tu?

Swali hili lilinisumbua, nikamwuliza mzee aliyekuwa akituongoza. Alitupa sababu tatu.

Kwanza, jiwe likivunjika lenyewe huvunjika ovyo, lakini haya yamebanduliwa vipande kwa mpango, upande huu na upande huu, na alama za kila pigo zinaonekana. Pili, umbo ni lile lile mara nyingi mno. Tatu, mawe mengi ni ya lava ya mlimani, ilhali yamekutwa katika udongo laini wa kando ya ziwa. Bila shaka kuna mikono iliyoyabeba.

Na umri je? Hapa ndipo majivu ya volkano yanapotusaidia. Ndani ya chembe za majivu hayo mna potasiamu, ambayo sehemu yake hubadilika polepole kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo unaojulikana. Mwamba ukiwa bado moto na umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukishapoa, gesi hufungiwa ndani na kuanza kukusanyika. Wataalamu wakipima gesi iliyomo, wanajua volkano ililipuka lini. Basi kishoka kikipatikana kati ya tabaka mbili za majivu, umri wake uko katikati. Kwa njia hiyo tunajua kuwa vishoka vya Olorgesailie vilitengenezwa kuanzia miaka kama milioni 1.2 iliyopita hadi karibu miaka 500,000 iliyopita.

Walikuwa kina nani?

Vyombo ni vingi mno, lakini mifupa ya wenyewe ni adimu kama maziwa ya kuku. Mwaka 2003 vilipatikana vipande vya fuvu la kichwa vyenye umri wa zaidi ya miaka 900,000. Wengi husema waliochonga vishoka hivyo ni zamadamu wa aina ya Homo erectus. Mifupa ya wanyama nayo ipo: ndovu wa kale aliyekutwa pamoja na vyombo vya mawe, na nyani wa aina iliyokwisha kutoweka, mkubwa kuliko nyani tunaowajua.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki. Kwa mamia ya maelfu ya miaka watu wale walitengeneza kishoka kile kile, bila mabadiliko makubwa. Kisha, kufikia miaka 320,000 hivi iliyopita, mambo yalikuwa yamegeuka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wataalamu wa Marekani na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walieleza kuwa watu walikuwa wameacha vishoka vikubwa, wakawa na vyombo vidogo vyenye ncha kali. Walitumia jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, lililotoka zaidi ya kilomita 25. Aidha walikuwa na mawe ya kutolea rangi. Fikiria: pengine walikuwa wakibadilishana vitu na majirani, nao wakijipamba!

Jiwe langu

Sasa nikiri kosa langu. Nje ya njia niliona kipande kidogo cha jiwe chenye makali. Nikakitia mfukoni, nia yangu nikamwonyeshe nyanya, ambaye hajawahi kufika huko. Mzee aliniona. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana, umekitoa wapi hasa?" Nikageuka kumwonyesha, lakini wapi! Mchanga wote ulikuwa sawasawa.

Akaniambia, "Basi hicho sasa ni jiwe tu."

Nilitahayari mbele ya wenzangu wote. Hata hivyo nilielewa. Habari ya jiwe haimo ndani ya jiwe peke yake; imo katika mahali lilipolala, tabaka gani, karibu na mfupa gani. Ukiling'oa umefuta habari hiyo, wala haiandikwi tena. Fauka ya hayo, sheria yetu ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuondoa vitu vya kale bila kibali.

Ukitaka kwenda

Beba maji ya kutosha, kofia, na viatu vigumu kwa sababu ya miiba. Beba daftari na penseli uchore kishoka. Mkono ukichora, kichwa hakisahau. Fuata njia, usiguse. Walio karibu na Nakuru wana Kariandusi na Hyrax Hill, hawana haja ya kuja mpaka huku kwetu.

Kwa walimu wetu wapendwa nina ombi moja. Safari hizi zisiwe za wenye pesa peke yao. Tuanze kuchanga kidogo kidogo tangu muhula wa kwanza, haba na haba hujaza kibaba, ili mwaka ujao asibaki mtu.

Nyanya sikumpelekea jiwe. Nilimpelekea mchoro na maelezo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hao watu, kishoka bila mpini hakikuwakata mikono?"

Hilo sikuuliza. Itabidi nirudi.